SOMO LA 11: KUKATA THELUJI YA KARATASI KWA KOMPYUTA

Nawasalimu nyote mlioko Bwejuu, na jirani zetu wa Paje, Jambiani, Dongwe na Michamvi, na wewe pia ambaye hukubahatika kutusikiliza ukaona heri uyasome maneno haya yalivyopigwa chapa. Siku hizi ni za maji mafu, kwa hiyo natumaini kina mama wengi mko majumbani, wala hamjainama majini kufunga mwani. Kaeni kitako, na kila mtu awe na karatasi moja nyeupe, mkasi na penseli. Kompyuta tutaifikia, haikimbii.

Somo la leo limetokana na swali. Bibi mmoja wa Bwejuu aliniuliza hivi: "Mwalimu, yale mapambo ya karatasi yenye ncha sita wanayotundika mahotelini kila mwezi wa Disemba, wakayaita theluji, hukatwa vipi? Nami nikitaka langu, la kutia katika karatasi ya sabuni yangu, nitalipataje?" Nikamwuliza kwa nini asinunue lililokwisha tengenezwa. Akajibu, "Nikilinunua mimi, na mwenzangu atalinunua lilo hilo. Mgeni ataijuaje sabuni yangu?"

Swali hili si la mchezo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani yetu hii ya mashariki mwaka 1989, na kwa muda mrefu mwani ulioleta fedha zaidi ulikuwa ule uitwao kotonii. Tangu miaka ya 2000 maji ya kina kifupi yamekuwa yakipata joto mno, na kotonii imekuwa ikiugua na kufa mahali pengi. Uliostahimili ni spinosamu, ambao bei yake ni ndogo. Ndiyo sababu kina mama wengine wameanza kuukausha, kuusaga na kuutia katika sabuni, wapate kuuza kitu chenye thamani kuliko gunia la mwani mkavu. Na sabuni mbili zikipangwa pamoja mezani, mnunuzi kwanza hutazama karatasi iliyozifunga. Kunusa huja baadaye.

Basi tuanze na theluji yenyewe. Sisi wa Unguja hatuna theluji, lakini hatuko mbali nayo: iko juu ya Kilimanjaro, mlima wa meta 5,895. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari aitwaye Johannes Rebmann aliuona mlima ule na weupe wa kileleni, akaandika habari zake. Wataalamu wa Ulaya wakamcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wenyeji wa mlima, ambao walikuwa wakiuona weupe huo kila asubuhi, hawakuulizwa. Siku hizi weupe huo umepungua sana, maana zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa huko mwaka 1912 imekwisha toweka.

Wengi hudhani kwamba theluji ni tone la mvua lililoganda. Sivyo. Tone likiganda hupata donge la barafu tu. Theluji hutokana na mvuke. Huko juu mawinguni, katika baridi kali, mvuke hushika juu ya chembe ndogo ya vumbi na kugeuka barafu papo hapo bila kwanza kuwa maji, kisha hukua kidogo kidogo huku ikishuka. Ukifungua friji ya zamani, ile ambayo barafu hushika kutani, utaona ukungu mweupe wenye manyoya manyoya. Huo ni ndugu wa theluji.

Mwaka 1611 mtaalamu wa nyota Johannes Kepler aliandika kijitabu kizima, akampa rafiki yake kuwa zawadi ya mwaka mpya, akiuliza: kwa nini theluji ina ncha sita daima, wala si tano wala saba? Hakupata jibu kamili. Leo jibu tunalo. Chembe za maji zinaposhikana kuwa barafu hujipanga sita sita, kama vyumba vya sega la asali, na umbo hilo dogo lisiloonekana ndilo linalokua mpaka kuonekana kwa macho. Mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, aliunga kamera na darubini, na tarehe 15 Januari 1885 akaipiga picha punje moja ya theluji. Aliendelea hivyo maisha yake yote, akapata picha zaidi ya 5,000. Naye Ukichiro Nakaya wa Japani, mwaka 1936, aliiotesha theluji ndani ya chumba cha baridi juu ya unywele wa sungura. Akaona kwamba umbo hufuata baridi na unyevu: kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri hutokea nyota pana zenye matawi, bali kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri hutokea vijiti na sindano.

Nimeyasema haya kwa sababu moja. Mtu akikata nyota ya ncha nane akaiita theluji, mgeni aliyezaliwa penye theluji ataona kasoro mara moja, kama wewe unavyouona mara moja mnazi uliochorwa na mtu asiyeujua mnazi.

Sasa chukua karatasi yako. Weka sahani juu yake, zungusha penseli, ukate duara. Likunje duara katikati, upate nusu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: huikunja nusu hiyo katikati tena, na tena, wakapata tabaka nane, wakikata hupata pambo la mikono minne. Usifanye hivyo. Nusu ya duara ina nyuzi 180. Ikunje mara tatu sawasawa, kama barua inavyokunjwa kutiwa katika bahasha, ila mikunjo yote ikutane pale katikati ya ule upande ulionyoka. Utapata kipande cha nyuzi 60. Kikunje hicho katikati, upate nyuzi 30. Mkononi mwako sasa mna tabaka 12, na umbo lake ni kama kabari ya kupasulia kuni. Basi tuliite kabari, maana tutalitaja mara nyingi.

Itazame kabari. Ina pande tatu. Pande mbili ndefu ni za mikunjo, zinazokutana kwenye ncha, na ncha hiyo ndiyo katikati ya duara. Upande wa tatu ndio ukingo ulio wazi. Kata kidogo kwenye mkunjo mmoja, kata kidogo kwenye mwingine, kata ukingo, kisha fungua. Umeona? Umekata mara tatu, na karatasi imekatika mara nyingi. Kila ulichofanya upande mmoja kimejibiwa upande wa pili, kama uso katika kioo, kisha kikarudiwa kuzunguka duara mara sita.

Huo kina mama mnaujua bila kufundishwa. Pindo la kanga hurudia pambo lake kwa mstari. Ukili nao hurudia kwa mstari, na mkeka hupatikana kwa kuziunga chane hizo pamoja. Bali juu ya kofia ya kudarizi, na katika maua ya duara yaliyochongwa kwenye milango ya Mji Mkongwe, pambo huzunguka. Theluji ni ya jamii hii ya pili. Mtu anayejua kupanga hina mkononi mwa bibi arusi amekwisha fika nusu ya somo hili, na huenda akanipita.

Haya, tuingie katika kompyuta. Kwanza lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine yote yatakuwa giza. Kompyuta ina njia mbili za kuweka picha. Njia ya kwanza ni ya vidoto, kama picha za simu: uso wote umegawanywa vidoto vidogo, na kila kimoja kina rangi yake. Ukiikuza picha hiyo, vidoto hukua, na ukingo huwa wa ngazi ngazi kama ukingo wa ukili mbovu. Njia ya pili ni ya vigingi na kamba. Fikiri shamba la mwani. Huhitaji kujua kila tone la maji lililomo ili ulijue shamba. Wajua tu vigingi vimesimama wapi na kamba zinapita wapi. Ukitaka kubadili shamba, wang'oa kigingi kimoja na kukichimbia pengine, na kamba zinafuata. Mchoro wa namna hii waweza kuukuza uenee ukuta mzima, au kuupunguza uwe sawa na ukucha, wala ukingo wake hauharibiki. Kwa kazi yetu, kila mara tumia njia ya vigingi.

Kamba ya kompyuta ina sifa moja ambayo yetu haina: yaweza kupinda vizuri bila kigingi katikati. Kila kigingi kina vishikio viwili, na ukikivuta kishikio, kamba hujipinda kukielekea. Hesabu ya mipindo hiyo ilienezwa na mhandisi Pierre Bézier wa Ufaransa, katika miaka ya 1960, alipokuwa akichora miili ya motokaa katika kiwanda cha Renault. Motokaa na theluji ya sabuni zinatumia hesabu moja.

Programu ninayowashauri ni Inkscape. Hailipiwi, imekuwapo tangu mwaka 2003, na hufanya kazi katika kompyuta za kawaida. Mwenye simu tu asikate tamaa, kwa kuwa programu nyingi za kuchorea katika simu zina rula ya ulinganifu: wachora mkono mmoja, nayo yakuchorea mitano iliyobaki. Lakini nyingi zao ni za vidoto, kwa hiyo zifae kwa kujaribia, na kazi yenyewe imalizwe kwenye kompyuta, skuli au kwa jamaa aliye nayo.

Chora pembetatu ya nyuzi 30 yenye urefu wa milimita 100 toka ncha hadi ukingo. Hiyo ndiyo kabari yako, tabaka moja tu badala ya 12. Ndani yake chora maumbo unayotaka yaondoke, kisha tumia amri ya kutoa umbo katika umbo. Hiyo ndiyo mkasi wa kompyuta. Ukimaliza, fanya nakala, uigeuze kama katika kioo, uiambatanishe na mama yake kwenye mkunjo. Sasa una nyuzi 60, yaani mkono mmoja. Uzungushe kwa nyuzi 60, halafu 120, 180, 240 na 300, na duara limetimia.

Angalieni mambo mawili hapa. Kompyuta, ikiachwa, huzungusha umbo kwenye kitovu cha umbo lenyewe, si kwenye ncha. Kabari yako itajizungusha tumboni kwake kama pia, na hutapata theluji. Bofya umbo mara mbili, utaona kijalama cha msalaba mdogo katikati. Kiburute hadi kwenye ncha, ndipo uzungushe. La pili ni kwamba kuna nakala za namna mbili. Nakala ya kawaida ikishatoka kwa mama yake haimjui tena. Bali kuna nakala nyingine ambayo mimi naiita nakala kivuli, kwa sababu humfuata mwenyewe. Ukifanya zile kabari 11 ziwe vivuli vya kabari mama, basi ukisogeza kigingi kimoja katika mama, vivuli vyote 11 husogea papo hapo mbele ya macho yako. Hapo ndipo kompyuta inaposhinda mkasi. Mkasi ukikosea, karatasi imekwenda. Hapa wavuta kishikio, watazama, wakirudisha, na waweza kufanya hivyo usiku kucha bila kupoteza hata karatasi moja.

Sasa nitawasimulia aibu yangu. Mpwa wangu alipoolewa, hapo hapo Bwejuu, nilijitolea kumtengenezea mapambo 60 ya kutundika. Nilichora kwa kompyuta nikaridhika, nikapeleka faili mjini kwa mwenye mashine ya kukatia karatasi, nikalipa. Siku ya pili nikafungua boksi. Kila pambo lilikuwa na tundu kubwa katikati, na chini ya boksi mlikuwa na nyota ndogo 60 zilizolala kama dagaa. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, mbona yana matundu?" Nikamwambia ndio mtindo. Akanitazama, akanyamaza, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu.

Kosa halikuwa la mashine, lilikuwa langu. Nilikuwa nimechora mstari mzuri wa mawimbi uliotoka mkunjo mmoja wa kabari hadi mkunjo wa pili. Katika kabari ni mstari tu. Lakini ukiuzungusha mara 12 unakuwa pete iliyofunga, na kilichomo ndani ya pete hakishikwi na chochote. Katika kioo cha kompyuta sikuona kitu, maana katika kioo hakuna kinachoanguka. Mtu wa mkasi angeligundua kosa mara moja, kwa sababu ncha ya kabari ingelimdondokea mapajani.

Tangu siku hiyo natumia kanuni yenye maswali mawili, nami nawaomba muiandike. Tazama kabari moja tu. Uliza: je, karatasi yote iliyobaki ndani yake imeshikana, ikawa kipande kimoja? Tena uliza: je, kipande hicho kinagusa mikunjo yote miwili? Majibu yote yakiwa ndiyo, pambo zima litashikana, wala huna haja ya kulitazama lote. Likiwa la kwanza si ndiyo, kuna kitu kitakachoanguka, wala usijidanganye kwamba kitashikwa na kabari ya jirani. Kipande kilichojitenga kikigusa mkunjo hushikana na kivuli chake mwenyewe tu, na wote wawili huanguka pamoja. Likiwa la pili si ndiyo, yaani karatasi inagusa mkunjo mmoja tu, utapata vipande sita vilivyotengana, kila kimoja kizuri peke yake.

Ukitaka kuhakikisha, kompyuta ina kindoo cha kumwagia rangi. Vivuli vyote vifanye maumbo kamili, uviunganishe kuwa umbo moja, kisha mwaga rangi mahali pamoja pa karatasi. Rangi itatembea popote karatasi ilipoendelea. Palipobaki peupe ndipo patakapoanguka. Na kabla ya kuviunganisha, kila kabari ipite mkunjo kidogo, nusu ya milimita hivi, ili ilalie ya jirani. Zikikutana ukingo kwa ukingo tu, mara nyingine hubaki ufa mwembamba kama unywele, ambao jicho halioni lakini kisu cha mashine huufuata kwa utii.

Kushikana peke yake hakutoshi. Lazima pashikane kwa unene. Pale sehemu mbili za karatasi zinapounganishwa na kamba nyembamba, sisi tunapaita daraja. Kwa karatasi ya kawaida nisingependa daraja lipungue milimita 2. Na hapa mtego ni huu: umechora pambo lenye upana wa milimita 200, madaraja yake ni milimita 2, umeridhika. Kisha unalipunguza lifikie milimita 80 liingie katika kadi. Madaraja nayo yamepungua, sasa ni milimita 0.8, na yatakatika ukiyapulizia pumzi. Kwa hiyo amua upana wa mwisho kwanza, ndipo uchore.

Sasa tuje kwenye kuifanya ifanane na theluji kweli, si ua tu lenye ncha sita. Tazama picha za Bentley, utaona siri yake. Matawi madogo yanayotoka kwenye mkono hayatoki wima kama meno ya kitana. Huinama kwa nyuzi 60, ile ile pembe ya mikono yenyewe, kwa sababu mpangilio wa sita sita umo hata ndani ya tawi dogo kabisa. Basi katika kabari yako kila mkato wa tawi uelekeze kwa nyuzi 60 toka kwenye mkono, na matawi yapungue urefu kadiri yanavyokaribia ncha. Badiliko hili moja tu hulifanya pambo lipoe, kana kwamba limetoka mawinguni.

Kuna njia nyingine, ya hesabu tupu, na mimi inanipendeza kuliko zote. Mwaka 1904 mwanahesabu wa Uswidi, Helge von Koch, alieleza mstari wa ajabu. Chukua pembetatu yenye pande sawa. Gawanya kila upande mara tatu, ondoa sehemu ya katikati, mahali pake weka pande mbili zinazochomoza nje kama kigongo cha paa. Pande 3 zimekuwa 12, na pembetatu imekuwa nyota ya ncha sita. Rudia kwa kila upande: 48. Rudia tena: 192. Kila ukirudia, urefu wa ukingo huongezeka kwa thuluthi, wala hauna mwisho. Lakini eneo la ndani halitapita kamwe lile la pembetatu ya kwanza na tatu ya tano yake juu. Ukingo usio na mwisho umezunguka karatasi inayoenea kiganjani! Kompyuta hairudii kwa kuchoka. Waiambia mara ngapi, nayo hutenda. Lakini kisu kina mipaka. Ukianza na upande wa milimita 180, mara ya kwanza wapata 60, ya pili 20, ya tatu karibu 7, ya nne milimita 2 na kidogo. Hapo simama. Zaidi ya hapo ni kazi ya akili, si ya karatasi.

Na mtu atauliza, je, theluji ya kweli imelingana hivyo pande zote sita? La. Nyingi zimevunjika, au mkono mmoja umekuwa mrefu kuliko wenzake. Bentley alichagua zilizo nzuri, kama mpiga picha wa harusi anavyochagua. Ukitaka pambo lenye uhai, vikate vivuli na mama yao mwishoni, kisha urefushe mkono mmoja kidogo, ufupishe mwingine. Ila ujue kwamba sasa kanuni yangu ya kabari moja haifanyi kazi, kwa kuwa kabari hazifanani tena. Lazima umwage rangi katika pambo zima.

Si kila mtu ana mashine ya kukatia, wala haihitajiki. Chapisha kabari moja tu katika karatasi nyembamba, ichome kwa pini juu ya karatasi iliyokunjwa tabaka 12, ukate kwa mkasi ukifuata mistari. Umeleta ubongo wa kompyuta na mkono wako pamoja. Karatasi nene haifai hapa, maana tabaka za ndani husogea na mikono ya theluji huwa mirefu na mifupi.

Narudi kwa yule bibi wa Bwejuu na sabuni yake. Nilimwambia: namba 6 ni ya theluji, lakini kompyuta haina imani na 6. Andika 5 mahali pake, mzunguko uwe nyuzi 72 na kabari iwe nyuzi 36, nawe huna theluji tena. Una kiti cha pweza, kile kile unachokikuta mchangani bahari inapokauka. Kwa karatasi, kukunja mara tano sawasawa ni kazi ya kutoa jasho. Kwa kompyuta ni tarakimu moja tu. Badala ya matawi ya barafu, tia matawi ya mwani, yanayogawanyika mawili mawili. Alichora matatu; la kwanza lilianguka vipande, la pili lilifanana na gurudumu la baiskeli, la tatu ndilo lililo katika sabuni zake. Wageni humwuliza ni theluji gani hii ya ncha tano. Naye huwaambia ni theluji ya Bwejuu, na wakati wanacheka, yeye amekwisha ifunga sabuni.

Ukipata pambo lako, weka faili mbili. Moja iwe na kabari mama na vivuli vyake, ambayo hutaigusa ila kwa kubadili mchoro. Nyingine iwe ile iliyounganishwa, ya kupeleka kwa mchapaji. Mtu akishaunganisha na kuhifadhi juu ya ile ya kwanza, amemzika mama. Faili ya vigingi na kamba, aina ya SVG, kwa kawaida ni ndogo, kwa hiyo waweza kumtumia mwanao kwa simu bila kumaliza bando, akuwekee akiba. Na mchoro wa mtu mwingine ulioupata katika mtandao usiutie katika bidhaa yako kabla ya kusoma masharti yake. Ukiwa na shaka, au ukitaka kuulinda wa kwako, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, COSOZA, iko kwa kazi hiyo.

Muda wetu unakwisha. Kazi ya nyumbani ni hii. Chora kabari ya nyuzi 30. Kata tundu la mviringo katikati yake, lisiloigusa mikunjo. Kata ncha yake yote, urefu wa milimita 10. Kisha kata mwanya mmoja ulionyoka unaoanza kwenye mkunjo wa kushoto na kuishia ndani ya lile tundu. Bila kutumia kompyuta wala mkasi, nijibuni: kuna kitakachoanguka? Halafu ongezeni mwanya wa pili, toka kwenye tundu hadi mkunjo wa kulia, mnijibu tena. Juma lijalo tutazifungua karatasi pamoja, na inshallah tutajifunza kutia rangi. Kwaherini.